Gari Likiinuliwa, Matairi Huliwa: Somo la Kunyoosha Magurudumu



Huenda mtu akashangaa. Somo la gari, kwa watu wa Wiyoni? Hapa kisiwani Amu mizigo hubebwa na punda na mkokoteni, na safari zetu ni za mashua. Lakini si mwajua wenyewe? Wanachama wetu wengi wana mashamba ng'ambo, Hindi na Mpeketoni, na gari la kikundi hulala Mokowe. Likiharibika huko, hasara yalipwa hapa, katika sanduku la kikundi. Kwa hiyo somo hili si la madereva na mafundi peke yao. Ni la mwenyekiti, la mweka hazina, na la kila mwanachama anayetoa mchango wake wa wiki.

Tuanze na kisa.

KISA CHA MATAIRI MANNE

Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kuja Lamu pale Lango la Simba, karibu na Gamba. Njia za mashambani nazo ziligeuka tope. Kikundi kimoja cha Wiyoni, ambacho jina lake tunaliweka, kina pikapu kuukuu ya Land Cruiser yenye springi za majani mbele na nyuma. Baada ya kukwama mara nyingi, wanachama waliamua gari liinuliwe.

Fundi alifanya kazi ya siku mbili. Aliongeza jani moja katika kila springi. Vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi alivitoa, akaweka virefu zaidi. Gari likasimama juu, likapita tope, watu wakafurahi.

Kasoro ilikuwa moja tu: gari likienda moja kwa moja, usukani ulikaa umepinda. Dereva alirudi kwa fundi. Fundi akaingia chini, akazungusha chuma, na usukani ukakaa sawa. Kila mtu akasema kazi imekwisha.

Baada ya miezi michache matairi mawili ya mbele yalikuwa yameliwa ukingo wa nje hata waya zikaonekana. Kikundi kikanunua mengine mawili. Nayo yakaenda njia ile ile. Mkutano uliofuata ulikuwa wa moto. Wengine walisema dereva anakimbiza gari, wengine kwamba anabeba mizigo yake ya siri usiku. Ikapendekezwa afukuzwe.

Sisi tuliitwa kusuluhisha, na lazima tukubali kwamba tulikosea. Tulimwonya dereva apunguze mwendo, tukakishauri kikundi kinunue matairi ya bei nafuu. Hatukuuliza swali lililokuwa mbele ya macho yetu.

Aliyeliuliza ni mama mweka hazina. Alifungua daftari lake akasema, "Hebu tazameni hapa. Kabla gari halijainuliwa, matairi mawili ya mbele yalikaa karibu miaka miwili. Tangu liinuliwe, manne yamekwisha kwa miezi tisa. Dereva ni yule yule, na njia ni ile ile. Kilichobadilika ni nini?"

Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja, fundi mwashi, akacheka. "Basi ukuta umepinda," akasema. "Twendeni Mokowe, nami nichukue timazi yangu."

NINI HUBADILIKA GARI LIKIINULIWA?

Tuelewe kwanza fimbo mbili zilizo chini ya gari la namna hii, lenye ekseli moja nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu.

Fimbo ya kwanza ni tairodi. Hii huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kazi yake ni kuamua magurudumu yanatazamana vipi: kama yanakwenda sambamba, yanachungulia ndani kidogo, au yanachungulia nje.

Fimbo ya pili hutoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye magurudumu. Tuiite fimbo ya usukani. Kazi yake ni kupeleka mkono wa dereva chini.

Gari likiinuliwa, chesisi hupanda pamoja na boksi la usukani, lakini ekseli hubaki chini. Fimbo ya usukani hulala kwa mwinamo mkali zaidi, na ndiyo sababu usukani hukaa umepinda. Tairodi, kwa kuwa iko kwenye ekseli yenyewe, haiguswi na kuinuliwa. Kwa maneno mengine, katika gari la ekseli nzima, kuinua peke yake hakuharibu namna magurudumu yanavyotazamana.

Basi kwa nini matairi yaliliwa? Kwa sababu fundi, akitaka usukani ukae sawa, alizungusha fimbo isiyohusika. Alizungusha tairodi. Usukani ulinyooka, na magurudumu yakapinda. Mzee alipopima alikuta magurudumu yanachungulia ndani kwa milimita 16.

Milimita 16 ni upana wa kidole tu. Hebu tupige hesabu. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha karibu milimita 800. Tofauti ya milimita 16 kwa magurudumu mawili ni milimita 8 kwa kila gurudumu, yaani sehemu moja katika mia. Kwa hiyo kila gari likienda mita 100 mbele, kila tairi ni kama linaburutwa mita moja kando. Kwa kilomita moja ni mita 10. Kwa safari ya kilomita 50 ni mita 500. Fikiria kushika tairi jipya na kulisugua juu ya lami nusu kilomita, kila safari! Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga pia.

Zamani, barabara kuu ilipokuwa ya mchanga na udongo, kosa hili lilijificha, kwani tairi huteleza juu ya mchanga bila kuliwa sana. Sasa barabara ya kutoka Garsen ina lami. Lami ya moto haisamehi.

SOMA TAIRI KAMA BARUA

Kabla ya kumwita fundi, pitisha kiganja juu ya tairi. Tairi husema lenyewe.

1. Ukingo wa nje umeliwa katika matairi yote mawili ya mbele, na kiganja kikitoka ndani kwenda nje kinakwaruzwa na ncha kali: magurudumu yanachungulia ndani mno.

2. Ukingo wa ndani umeliwa kwa yote mawili, na kiganja kinakwaruzwa kikitoka nje kwenda ndani: yanachungulia nje mno.

3. Kingo zote mbili zimeliwa, katikati pazima: upepo ni mdogo.

4. Katikati pameliwa, kingo nzima: upepo umezidi.

5. Tairi moja tu limeliwa upande mmoja, nalo ni laini: gurudumu limelala. Tazama bearingi, au huenda ekseli imepinda.

6. Mashimo mashimo kuzunguka tairi: shoki zimechoka, bearingi imelegea, au gurudumu halikusawazishwa uzito.

Mwaona? Dereva wetu angeweza kutetewa siku ya kwanza kwa kiganja cha mkono.

KUPIMA KWA TIMAZI

Vifaa: timazi, chaki, msumari, futi ya kupimia, jeki, na vigogo imara vya kushikilia gari. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa.

Usalama kwanza. Funga breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huinua, haishikilii.

Hatua ya kwanza: kagua vilivyochakaa. Jaza upepo sawasawa. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Kisha lishike kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza, tafuta kama ni bearingi za gurudumu, bearingi za mhimili linapogeukia, au ncha za fimbo. Mwenzako atikise usukani huku wewe ukitazama ncha hizo. Kilicholegea kibadilishwe kwanza. Kupima gari lililolegea ni kupima maji ya bahari kwa kamba.

Hatua ya pili: pima kama ekseli imekaa sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Vipimo vilingane. Visipolingana, huenda ekseli imesogea kwenye springi, au boliti ya katikati ya springi imekatika.

Hatua ya tatu: chora mstari. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, na ushikilie msumari bila kuutikisa katikati ya uso wa tairi hadi uchore mstari kuzunguka lote. Fanya hivyo na la pili. Shusha gari, nyoosha magurudumu, lisukume mbele mita chache ili springi na matairi yatulie. Usilirudishe nyuma.

Hatua ya nne: teremsha timazi. Mbele ya tairi, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, shika uzi juu ya ule mstari na uache timazi ishuke. Weka alama sakafuni. Fanya hivyo nyuma ya tairi hilo hilo, kisha kwa tairi la pili. Sasa una alama nne. Pima umbali baina ya alama mbili za mbele, na baina ya alama mbili za nyuma. Umbali wa mbele ukiwa mdogo, magurudumu yanachungulia ndani. Ukiwa mkubwa, yanachungulia nje. Rudia mara tatu, kwani mkono hukosea.

Hatua ya tano: tafuta kipimo cha gari lako, si cha jirani. Tuchukue mfano wa Land Rover mbili. Zile za zamani za springi za majani, Series II na III, hutakiwa kuchungulia ndani milimita 1.2 hadi 2.4. Defender, ambayo magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote, hutakiwa kuwa sambamba au kuchungulia nje hadi milimita 2. Jina ni moja, kipimo ni tofauti. Fuata kitabu cha gari.

Hatua ya sita: rekebisha tairodi. Legeza vibanio vya ncha zote mbili, kisha zungusha bomba lake. Kama tairodi iko nyuma ya ekseli, kuirefusha kunaongeza kuchungulia ndani, na kuifupisha kunapunguza. Kama iko mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Zungusha kidogo, sukuma gari mbele, pima tena. Ukifika, kaza vibanio.

Hatua ya saba, na iwe ya mwisho: nyoosha usukani kwa fimbo ya usukani. Hapo ndipo fundi wa kisa chetu alipopotea. Usukani ulionyooka si ushahidi kwamba magurudumu yamenyooka. Nahodha aweza kushika usukani sawa huku chombo kikienda mrama.

GARI LINALOYUMBA NA KUTETEMEKA

Tairi kuliwa ni hasara. Lakini kuinua gari kwaweza kuleta jambo lililo baya zaidi, la hatari kwa roho za watu.

Tazama uma wa mbele wa baiskeli. Haukusimama wima, umelala nyuma kidogo. Kwa sababu hiyo gurudumu hupenda kujinyoosha lenyewe. Gari ni vivyo hivyo. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia umelazwa nyuma kidogo. Katika Land Rover tulizotaja ni digrii 3 hivi. Mlalo huu ukipotea, usukani huwa mwepesi mno, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari hutangatanga barabarani. Likikanyaga shimo kwa kasi, magurudumu ya mbele huweza kuanza kutetemeka kwa nguvu hadi dereva ashindwe kuushika usukani.

Mlalo hupoteaje? Katika gari la springi za majani, kuongeza majani hakuugusi sana. Vile vyuma virefu vya kuning'iniza springi ndivyo huuharibu. Vikiwa kwenye ncha ya mbele ya springi, kuvirefusha huinamisha kichwa cha mhimili mbele, na mlalo hupungua. Katika magari ya springi za mviringo mbele, kama Defender, na pikapu za Land Cruiser zilizobadilishwa kuanzia 1999, mikono inayoshika ekseli hupinduka chesisi ikipanda, na mlalo hupungua. Tena magari hayo yana fimbo inayoshika ekseli isiende kando. Gari likipanda, fimbo hiyo huivuta ekseli yote upande mmoja.

Tiba zipo. Kwa springi za majani, fundi huweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili kulaza mhimili nyuma tena. Ziwe za chuma, kamwe si za mbao. Kwa springi za mviringo kuna bushi maalumu zenye tundu lililosogezwa, na fimbo ya upande inayoweza kurekebishwa urefu. Kazi hii yahitaji kipimo cha digrii, kwa hiyo tusiibahatishe.

Mtu akikuuzia shoki ya usukani ili kuzuia mtetemeko, muulize kwanza ameshakagua ncha za fimbo, bearingi, uzito wa magurudumu na mlalo. Shoki hiyo huficha ugonjwa, haiuponyi.

Na gari lenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, bila ekseli nzima, kama Hilux nyingi za siku hizi, ni habari nyingine. Hilo likiinuliwa, kulala kwa magurudumu na kutazamana kwake hubadilika yote mawili. Timazi itakuonyesha kosa, lakini marekebisho yafanywe kwenye mashine ya alainimenti. Ingizeni nauli ya kulipeleka Malindi au Mombasa katika hesabu kabla ya kuliinua, si baada.

TULIAMUA NINI?

Kikundi chetu kilirekebisha tairodi kwa mchana mmoja. Kisha wanachama walikaa, wakajiuliza kama kweli walihitaji urefu wote ule. Waliamua kurudisha vile vyuma vya zamani na kuyabakiza majani ya springi. Gari lilishuka kidogo, na bado linapita njia za mashambani. Matairi yaliyofungwa baada ya hapo yanaliwa sawasawa, kote kote.

Dereva aliombwa radhi mbele ya mkutano. Nasi tulimwomba. Huyu ni baba wa watoto, na alibakiza siku moja tu apoteze kazi na jina lake kwa kosa la chuma. Tunasema hivi kwa sababu vikundi vingi huvunjika hivyo. Pesa hupotea, sababu haijulikani, na watu hutafuta mtu wa kubeba lawama. Kupima ni kazi ya ufundi, na pia ni kazi ya haki.

Tunapendekeza kila kikundi chenye gari kifanye mambo matano:

1. Kiwe na daftari la matairi: tarehe ya kufunga, kilomita zilizosomwa, gurudumu gani, na bei.

2. Kabla ya kuinua gari, kipime na kuandika vipimo vya zamani, na kuiuliza kampuni ya bima. Palipoandikwa, pana pa kurudi.

3. Baada ya kuinua, kihakikishe mipira ya breki haivutiki gurudumu likishuka, na shoki zinatosha urefu.

4. Boliti za springi zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki.

5. Fundi asilipwe malipo ya mwisho kabla ya kupima mbele ya wanachama wawili na kujaribu gari polepole kwenye barabara iliyo sawa: liende bila kuvuta upande, na usukani urudi wenyewe baada ya kona.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, daftari letu laweza kutueleza matairi yetu yalikaa muda gani? Kama haliwezi, ni nani ataanza kuandika, na lini?

2. Je, tumewahi kumlaumu mtu kabla ya kupima? Tulimrudishiaje heshima yake?

3. Ni mwanachama gani kati yetu ana ujuzi ambao hatujawahi kumwuliza? Kumbukeni, aliyelipima gari hili ni mwashi.

4. Tupige hesabu pamoja: bei ya matairi mawili, mara ngapi kwa mwaka? Pesa hizo zingefanya nini kingine?

Mkikutana kwa somo hili, msikae kwenye mkeka peke yake. Siku moja pandeni mashua mwende Mokowe, mbebe timazi, mkaliangalie gari lenu. Kila mmoja, mama na baba, apitishe kiganja juu ya tairi.